Neno la Daktari

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, Gentrix aliamkia kwa mama yake mdogo, mtaani Amalemba, akapika uji, akautia kwenye chupa na kushika njia ya hospitalini. Ndugu yake Sammy alikuwa amelazwa huko tangu alipoanguka akichomoa miwa kwenye trela kwao Butali. Mguu ulivunjika, kisha mfupa ukaingia usaha. Alidungwa sindano kila siku, na nafuu haikuonekana.

Mama yao, Roda, ndiye aliyemuuguza. Alilala kitini na kula kidogo, akakonda, na sasa alikuwa akikohoa. Kiingereza hakukijua. Gentrix ndiye aliyekuwa mkalimani wake, na kina mama wa wodini walipomsifu, alijiona amefika.

Asubuhi moja alipita daktari mgeni, mwenye haraka. Kupitia kwa Gentrix, Roda alimwuliza Sammy angeruhusiwa lini kwenda nyumbani. Daktari aliutazama mguu, akasema kwa upole, "You must be patient, Mama." Kisha akaenda kitanda cha pili.

"Amesemaje?" Roda aliuliza.

Gentrix alilishika neno moja tu, patient. Shuleni alifundishwa kuwa ni mgonjwa. Sentensi yenyewe haikumkalia sawa, lakini kina mama walikuwa wakimtazama, naye akaona haya kusema hajui.

"Amesema wewe pia ni mgonjwa, Mama."

Roda aliketi taratibu miguuni pa Sammy. Marehemu baba yao alianza vivyo hivyo, kwa kukonda na kukohoa, na mwaka haukuisha.

"Kumbe ameona," alisema.

Uji ulipoa bila kuguswa. Mchana alimwita Gentrix barazani. "Nikiondoka, ndugu yako asilale njaa. Na shamba la baba yenu msikubali liuzwe."

Gentrix alitaka kusema kwamba huenda hakuelewa. Lakini angeanzaje kumwambia mama yake kuwa alimtangazia kifo kwa kubahatisha? Na kama alikuwa amebahatisha sawa? Alijifungia chooni, akalia mpaka macho yakavimba.

Jioni alimkuta mama yake akikunja leso zake za kujifunga na kuzitia kwenye mfuko.

"Tunarudi Butali na Sammy," Roda alisema. "Kama ni kufa, nife nikiwa na wanangu wote."

Alipomwinua Sammy, mtoto alipiga yowe la maumivu. Muuguzi wa zamu, Sista Jepkorir, alifika mbio.

"Mama Sammy, ukimtoa sasa mguu huu utakatwa."

"Nitamuuguza vipi na mimi mwenyewe nakufa? Daktari amesema mimi ni mgonjwa."

"Daktari gani? Hakuna aliyekupima."

"Ni mimi niliyesema," Gentrix alinong'ona. Kisha akayarudia maneno ya daktari, moja baada ya jingine.

Sista Jepkorir alivuta kiti, akaketi.

"Mama, hakusema wewe ni mgonjwa. Angetaka kusema hivyo, angesema 'a patient'. Alisema 'be patient', yaani uwe na subira. Mfupa hupona polepole." Akamgeukia Gentrix. "Neno ni moja. Waingereza walilipata kutoka Kilatini, na mzizi wake ni kuvumilia mateso. Mgonjwa huitwa hivyo kwa kuwa anavumilia maumivu, na mwenye subira huitwa hivyo kwa kuwa naye anavumilia."

Roda alijifunika uso kwa leso. Hapo ndipo machozi aliyoyazuia kutwa nzima yalipomtoka.

Kesho yake alipimwa kifua. Ilikuwa homa ya mafua na uchovu tu. Sammy alibaki wodini, na shule zilipokuwa zimekwisha kufunguliwa alirudi Butali akitembea kwa magongo, miguu yake yote miwili ikiwa salama.

Lakini jioni ile, kabla ya Gentrix kwenda kulala kwa mama yake mdogo, Roda alimketisha kando yake.

"Mwanangu, sikukasirikia kutojua kwako. Mimi mwenyewe sijui. Ila ulinipa neno usilolijua, nami nikaanza kujichimbia kaburi kwa neno hilo. Siku nyingine niambie hujui, tutafute anayejua. Aibu ya kusema 'sijui' ni ya dakika moja."