Nilisimamia kwa Mdomo

Mimi ni Ng'washi, mtoto wa kwanza kwa mama yetu, na zamani nilipenda kuamrisha kuliko nilivyopenda wali wa sikukuu. Kwetu Kasoli, Jumamosi huanza vilevile: tunafagia uwanja, tunafungulia ng'ombe, tunakunywa uji, kisha shambani. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa pili. Pamba yetu ilikuwa imeingiliwa na funza, na binamu yetu Mabula alikuja na bomba lake la mgongoni kuipulizia dawa.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

Mama aliitikia huku akijifunga kanga. Alikuwa anakwenda msibani Ngulyati. Akaniita. "Ng'washi, Mabula anapuliza, Maduhu anamchotea maji. Wewe uwasimamie wadogo zako. Joyness asisogelee dawa kabisa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mayu. Wewe nenda tu."

Kumbe nilisikia neno moja tu, uwasimamie. Lo! Nilijiona mkuu wa wilaya. Nilikata fimbo, nikapanda kichuguu kilicho kando ya shamba, nikaketi kivulini na kuanza kazi yangu.

"Maduhu, kimbia! Maduhu, hiyo ndoo haijajaa! Joyness, ng'oa majani ya huko, si hapo!"

Maduhu ana miaka kumi. Alitua ndoo akanitazama, jasho likimtiririka. "Dada, si ushuke unisaidie? Nzito hii."

"Msimamizi habebi ndoo," nilimjibu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi hata sikuufikiria ule uzito.

Tulikuwa na kata mbili za kibuyu shambani. Moja ilikuwa ya maji ya kunywa, na nyingine Mabula aliitumia kukorogea dawa kwenye ndoo. Alipomaliza kukoroga aliiacha ile ya dawa, bila kuiosha, karibu na dumu letu la maji, akajitwika bomba na kupotelea katikati ya mistari ya pamba. Ningeshuka hatua kumi tu ningeiona. Sikushuka.

Jua lilipopanda, Joyness alikuja chini ya kichuguu. Ana miaka sita. "Dada, nina kiu."

"Kata ipo hapo kwenye dumu. Kunywa haraka urudi kazini!"

Sikugeuza hata shingo, maana nilikuwa nikimfokea Maduhu. Nilimsikia Joyness akisema kwa sauti ndogo, "Dada, yananuka."

"Usideke! Kunywa!"

Akanywa. Jamani, mdogo wangu alinitii.

Haukupita muda mrefu, akarudi akiwa ameshika tumbo. Machozi yalimtoka na mate yalimchuruzika hadi kifuani. Akatapika, kisha miguu ikamlegea. Niliruka kutoka kwenye kichuguu nikaenda kwenye dumu. Kata iliyolowa ilikuwa ile yenye utando mweupe wa dawa, na harufu yake ilinipiga puani. Nilijua papo hapo. Nikafanya jambo ninalolionea aibu mpaka leo: niliitupa kata ile katikati ya pamba, nikamkamata Maduhu mkono.

"Ukisema, nitakuchapa."

Mabula alisikia kilio akaja mbio, akambeba Joyness hadi nyumbani. Mama naye ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka msibani. Alipomwona mtoto, kanga ilimdondoka.

"Degedege! Au kuna mtu kamwangalia mwanangu kwa jicho baya?"

Jirani yetu mama Elina alikuja na kikombe cha maziwa, lakini meno ya Joyness yalikuwa yamebana. Mama hakungoja. Alimfunga mgongoni, akakimbia. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na udongo wetu mweusi ukilowa haupitishi pikipiki. Ulitung'ang'ania miguuni, kila hatua na bonge lake. Mimi nilikimbia nyuma nikikiona kichwa cha mdogo wangu kikining'inia huku na huku. Nilitamani ardhi inimeze. Barabarani tulipata bodaboda, tukafika kituo cha afya.

Tabibu Athanasi alimfunua Joyness macho, akakunja uso. "Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Hajanywa chochote, daktari," mama alisema. "Dada yake alikuwa anamsimamia."

Wote wakanigeukia. Mimi niliyepiga kelele asubuhi nzima nikarudi nyuma hadi mlangoni. Nilifikiria kichapo. Nilifikiria watakavyosema shuleni. Kitandani, mikono ya Joyness ilianza kurukaruka yenyewe, na pumzi yake ikawa inakoroma.

"Binti," Athanasi aliniambia, "nisipojua alichokunywa, nitapoteza muda, na mdogo wako hana muda. Sema."

"Amekunywa dawa ya pamba!" nililia. "Alisema inanuka, mimi nikamlazimisha. Sikuangalia. Kata nimeitupa, na Maduhu nimemtisha asiseme."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akakaa sakafuni.

Athanasi hakunigombeza. Alimwambia mama ampigie simu Mabula alete chupa ya dawa upesi. Huku wakiingoja, wakamvua Joyness nguo, wakamwosha kwa sabuni, wakamchoma sindano. Wakangoja kidogo, wakamchoma nyingine. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu anichukue mimi, maana mkosaji nilikuwa mimi. Sindano ya nne. Ya tano. Nilikata tamaa kabisa.

Alasiri, mate yalikauka. Mkoromo ukapungua, na Joyness akafungua macho akamtafuta mama.

"Amevuka," Athanasi alisema. "Ila atabaki hapa tumwangalie." Kisha akanishika bega. "Kusimamia ni nini, Ng'washi?"

"Nilidhani ni kuamrisha."

"Kuamrisha hata kasuku anaweza. Anayesimamia anatumia macho, masikio na miguu kabla ya mdomo. Anajua kila mtu ameshika nini, na akiambiwa kitu kinanuka, anakwenda kunusa. Mabula naye nitamwambia: chombo cha dawa hakikai karibu na maji ya kunywa, hata siku moja. Lakini ulisema kweli, na ukweli wako ndio ulionionyesha sindano ya kumchoma. Ungenyamaza zaidi, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Nilimsogelea mama. Nilitaka anichape, pengine ningepata nafuu. Hakunigusa. Alijipangusa uso, akatafuta kanga yake.

"Naenda hapo nje kumtafutia uji," alisema. "Msimamie mdogo wako."

Nilitaka kumwambia hapana, mayu, mwite mtu mwingine yeyote. Badala yake nilimshika mkono.

"Mayu, akianza kutetemeka tena nimwite nani? Na akitaka kushuka kitandani? Na mate yakirudi, nitajuaje kama ni mengi?"

Mama alisimama, akanijibu swali moja baada ya jingine, taratibu, mpaka yakaisha. Ndipo akatoka.