Usinga wa Zumbe Ngoda

Katika zama za mikuki, bunduki zilipokuwa bado chache huko bara, milima ya Ulemba ilitawaliwa na mfalme wake, Zumbe Ngoda. Chini ya milima hiyo, kwenye nyika kavu, alitawala Kalonga, mtu wa maneno laini na subira ndefu. Mwaka huo ukame uliwamaliza ng'ombe wa nyikani, na macho ya Kalonga yakapanda mlimani kabla ya miguu yake. Ngoda, aliyependa watu wake wafe kwa uzee, akaamua kutuma mjumbe kutafuta amani.

Waulemba walikuwa na desturi iliyowapa jina jema kwa majirani wote. Mjumbe alikabidhiwa usinga wa mkia wa nyati, mpini wake umevikwa shaba, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa kinywa cha Zumbe katika mambo ya vita na amani. Alilolikubali yeye limekubaliwa. Na usinga ukiwa nje ya mpaka, Zumbe mwenyewe hakuweza kuamuru mtu ashike mkuki. Nyumba ya silaha ilifungwa mpaka usinga urudi, au mjumbe afe. Sheria hiyo iliwekwa baada ya zumbe mmoja wa kale kutuma mjumbe wa amani, kisha akawavamia wenyeji wa mjumbe huyo angali anakula kwao. Mfalme hana vinywa viwili, wazee walisema, na tangu hapo neno la Ulemba likaaminika kila mahali.

Aliyepewa usinga safari hii ni Shekiondo, mtu mrefu, msemaji hodari, na mwenye kuupenda usinga huo kupita kiasi. Aliwahi kuubeba mara nyingi, na kila mara shingo yake ilirefuka kidogo. Mkewe, Mkunde, alimfunga shuka ya kaniki begani asubuhi ya safari.

"Baba Kisaka, ukiisha kusema rudi," alimwambia. "Usikae kusifiwa."

"Mke wangu, mimi si mtoto."

Mkunde alilikaza fundo la shuka kwa nguvu. Mumewe alielewa maana yake, lakini njia ilikuwa ikimngoja. Akashuka mlima pamoja na Hoza, kaka yake Mkunde, mpiga baragumu wa ujumbe. Baragumu lake, pembe ya tandala, lilikuwa na milio miwili tu ya ugenini: mjumbe amefika salama, na mjumbe amefariki. Walinzi wa vilima waliupokea mlio na kuupeleka mbele, kilima kwa kilima, hadi uani kwa Zumbe.

Kalonga aliwapokea kwa heshima iliyomlewesha Shekiondo kabla hata pombe haijamiminwa. Watu waliuinamia usinga. Mbuzi wakachinjwa, vigoda vyenye shanga vikatandikwa ngozi za chui. Kila mazungumzo yalipokaribia kufika mwisho, Kalonga alitabasamu na kusema, "Hili nalo acha tulitafakari. Kesho tutaafikiana, ewe kinywa cha milima." Kesho ikazaa kesho nyingine. Shekiondo alijiambia kwamba ufundi wake ndio uliokuwa ukimlainisha mfalme. Heshima ina ubaya huo: humfanya mtu asikie sauti yake peke yake.

Hoza, ambaye hakuna aliyemsifu, alikuwa na nafasi ya kutazama. Asubuhi moja alimkuta mjumbe akipakwa mafuta.

"Shemeji, nimeuzunguka mji huu wote. Vijana wako wapi?"

"Machungani."

"Wanachunga nini? Ng'ombe wamekufa. Na wanawake wanakaanga mahindi na kuyasaga unga wa njiani, mtungi baada ya mtungi. Nani anayesafiri?"

Shekiondo akatoka nje. Mwenye macho haambiwi tazama. Vichanja vya ngao vilikuwa vitupu. Kwenye njia ya kuelekea msituni, ile inayozunguka nyuma ya milima, nyasi zilikuwa zimelala chini kwa nyayo za watu wengi. Tai walikuwa wakizunguka juu ya msitu, wakisogea polepole kuelekea Ulemba.

Akaenda moja kwa moja kwa Kalonga. Mfalme hakujisumbua kukana.

"Ondoka ukitaka," alisema kwa upole. "Mjumbe hauawi, wala hafungwi. Lakini kwa miguu hutawawahi watu wangu. Watafika kwenu alfajiri ya kesho, na bwana wako atakaa akiwatazama, kwa sababu ufunguo wa nyumba yake ya silaha uko mkononi mwako. Nami nimeulisha vizuri."

Ukumbi ukacheka. Shekiondo aliona aibu. Alimjua Ngoda: angeungua ndani ya nyumba yake kabla ya kuivunja sheria ya usinga. Aliwajua na walinzi wa silaha, maana baadhi yao aliwafundisha sheria hiyo yeye mwenyewe.

Alimkuta Hoza kwenye kichuguu kirefu pembeni mwa mji, ameketi na pembe mapajani.

"Puliza tanzia," Shekiondo akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Hoza alisimama. "Shemeji, aliyeliliwa na baragumu haliliwi tena. Ukionekana u hai, itasemwa Waulemba walishika mikuki usinga ukiwa nje na mjumbe angali hai. Hakuna jirani atakayetuamini tena mpaka dunia iishe. Hutarudi nyumbani. Unaelewa?"

"Naelewa. Dada yako yuko kule, na watoto. Puliza kabla sijaogopa."

Hoza alipuliza huku machozi yakimtiririka hadi kwenye pembe. Mlio ukapanda mlimani, ukatua, na baada ya kimya kirefu kilima cha kwanza kikajibu, halafu cha pili, kwa sauti ndogo zaidi.

Wazee wa Kalonga walitaka kumchoma mkuki papo hapo. Kalonga, uso umemgeuka rangi, aliwazuia.

"Nikimuua nitakuwa nimeyafanya maneno yao kuwa kweli. Na nikitangaza kuwa yu hai, nani atamwamini aliyemlaghai mjumbe? Mwacheni aende. Adhabu aliyojipa siwezi kuizidisha." Akaunyakua usinga na kuutupa motoni, lakini ulikuwa umekwisha kuwa mkia wa mnyama tu.

Alfajiri iliyofuata wapiganaji wa nyika walipanda kwenye ukungu wakitarajia mji uliolala. Waliwakuta Waulemba, nyumba yao ya silaha imefunguliwa kwa tanzia, wamejipanga kwenye genge la Kwemawe wakilinda njia ya nyuma ya milima, vichwa vimepakwa majivu ya msiba, na hasira ya waliofiwa ni mbaya kuliko hasira ya walioibiwa. Wachache sana waliteremka. Baadaye Zumbe Ngoda alimzika mjumbe wake kwa kuufunga mgomba sanda na kuulaza kaburini, na wasimulizi wa Ulemba wakahifadhi jina la Shekiondo, aliyefia ugenini.

Hoza alirudi, naye hakumwambia mtu ila mmoja.

Shekiondo alihamia kwa wachimba chumvi wa mpakani, akaitwa jina lingine. Siku ya gulio Waulemba waliposhuka, alijifunika shuka usoni na kukaa mbali na watu. Gulio moja, mwanamke aliyenyolewa kichwa alitoka katikati ya wauzaji akaja hadi pale alipoketi. Hakumtazama. Alipiga magoti, akaweka chini bakuli la ugali na maharage, kama wanavyowekewa marehemu, akasema na ardhi kama watu wanavyosema na marehemu.

"Baba Kisaka, watoto hawajambo. Mvua imenyesha. Kisaka amebalehe, anakuulizia kila siku. Mimi sijaolewa. Tuombee."

Shekiondo alikuwa kinywa cha milima kwa miaka mingi, na sasa neno moja tu, jina la mkewe, lingeweza kuibomoa nchi nzima. Akalivuta bakuli polepole chini ya shuka, akala. Mkunde alikaa pale pale, uso ameuelekeza chini, akisikiliza mtu akitafuna, mpaka chakula kikaisha.