Jina la Mtunza Nakala

Mwaka 1997 nilikuwa mpiga chapa wa kampuni ya vitabu pale Mirongo, Mwanza. Kampuni ni neno kubwa. Tulikuwa na vyumba viwili, kompyuta moja na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Okech, mwenye kampuni. Wa pili ni mimi, Dorotea. Tena Mzee Okech mhesabu nusu, maana wiki nzima yuko Musoma au Tarime anapeleka vitabu mashuleni. Kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa mimi na kompyuta.

Asubuhi nafungua mlango, nafuta vumbi, napiga chapa. Saa saba nakula kiporo changu peke yangu. Jioni napanda mawe ya Igogo mpaka chumbani kwangu. Mume wangu alifariki miaka minne nyuma, na watoto Mungu hakutujalia. Ndugu zangu wako Ukerewe. Majirani tulikuwa tunasalimiana tu. "Habari za kazi?" "Nzuri." Basi, kila mtu anafunga mlango wake. Kuna siku nilikwenda kulala nikagundua kwamba mara ya mwisho kuongea na binadamu ilikuwa asubuhi, na muuza maandazi.

Ndiyo maana mtu akipiga hodi ofisini, moyo unaruka kwa furaha. Siku moja alikuja Owiti, katibu wa kwaya ya kanisani.

"Dada Dorotea, nitolee ratiba ya kwaya. Imo kwenye disketi hii."

"Leta, kaka. Kaa, chai ipo."

Sikuuliza disketi imepita kwenye kompyuta ngapi. Ningeanzaje? Mtu kaja, anacheka, ana habari za mjini. Ningempa hata kiti changu. Nikaisukuma disketi ndani.

Baada ya siku tatu kompyuta ikaanza visa. Herufi zilidondoka kutoka juu ya kioo mpaka chini, moja moja. Kisha ikazima. Fundi akaja, akasema ni virusi vya kompyuta, vimetoka kwenye disketi ya mgeni. Ili kuiponya ikabidi afute kila kitu. Zikafutika na sura mbili za kitabu cha Mwalimu Ndalahwa.

Mwalimu Ndalahwa alikuwa mstaafu wa Nansio, kule Ukerewe. Alikuwa anaandika kitabu cha darasa la nne juu ya viumbe wa ziwani. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alikuwa anakuja kwa meli, anakaa karibu yangu, anasema, mimi napiga chapa. Hakukuwa na karatasi. Kitabu kilikuwa kichwani mwake na ndani ya ile kompyuta, basi. Nilipompa habari alivuta kiti chake, akakaa mahali pake.

"Tuanze upya, binti yangu," akasema. "Lakini safari hii utakiweka wapi kisipotee tena? Mimi sina umri wa kukisema mara ya tatu."

Mzee Okech aliporudi safari alikuwa na lake. "Mama, kitabu hiki kikipotea tena tunafunga milango," akaniambia. "Na wewe ndiye wa kwanza kutoka." Nilijua anasema kweli. Na kazi ile ikiondoka, ningebaki na kile chumba tu.

Wakati huo Serikali ilikuwa imeruhusu kampuni za watu binafsi kutoa vitabu vya shule. Mradi mmoja wa elimu ulitaka kununua kitabu cha Mwalimu. Lakini kwanza ukamtuma mkaguzi, Bwana Venant. Alikuja na fomu ndefu. Alitaka kujua kampuni zinavyolinda kazi za waandishi.

"Kompyuta yenu ina neno la siri?" akauliza.

"Inalo. Tunalijua mimi na Mzee tu."

"Ni OKECH?"

Nikashtuka. "Heh! Nani kakwambia?"

"Nimelisoma kwenye kibao chenu hapo nje," akasema. Nikacheka, lakini uso uliniwaka kwa aibu. Akanieleza kwamba neno la siri lisiwe jina la mtu, wala mwaka wa kuzaliwa, wala kitu ambacho jirani anaweza kubahatisha. Lichanganye herufi na namba, na lisibandikwe ukutani.

"Na kampuni nyingine zikoje?" nikauliza. "Au sisi ndio wa mwisho?"

"Majina sitaji. Nimepita kampuni mbili kabla yenu. Ya kwanza ina kompyuta sita na zulia. Kanuni zao zimepigwa chapa, zina muhuri, zimetundikwa kwenye fremu. Lakini nakala zote wameziweka juu ya kompyuta zilezile. Mwizi akiingia anabeba vyote kwa safari moja. Ya pili ina kompyuta moja, kama ninyi, na dari linavuja. Kanuni hawajaandika hata moja. Lakini kila jioni wanatoa nakala, inakwenda kulala nyumba nyingine."

"Sasa ipi ina nafuu?"

"Wa kwanza wako sawa kwenye karatasi, lakini hatari wanayo. Wa pili hawana karatasi, lakini kitabu chao kiko salama. Mimi nataka vyote viwili: kanuni iandikwe, na ifuatwe."

Akanigeuzia fomu. "Jaza hapa mwisho," akasema. Palikuwa pameandikwa: Jina la mtunza nakala. Asiwe wa nyumba moja na kompyuta.

"Niandike Mzee Okech?"

"Si analala chumba cha nyuma hapa? Nyumba ikiungua je?"

"Basi niandike mimi."

"Dada, wewe una ufunguo, una neno la siri, halafu uwe na nakala pia? Ukiugua, kila kitu kimelala na wewe. Andika mtu mwingine. Ndugu, rafiki, jirani. Mtu unayemwamini."

Nikashika kalamu. Nikamfikiria jirani wa kushoto. Simjui jina. Nikamfikiria wa kulia. Yeye ndiyo kwanza amehamia. Owiti? Tangu kompyuta iharibike hakukanyaga tena pale. Kumbe alikuwa anaifuata mashine, si mimi. Kalamu ikabaki hewani.

"Huna mtu?" Bwana Venant akauliza taratibu.

"Sina."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno lile kwa sauti. Liliniuma kama kidonda kilichoguswa, na nikageuza uso asione machozi.

"Nitarudi baada ya wiki mbili," akasema. "Pakiwa wazi siwezi kuwapitisha. Na usiandike jina la uongo. Kuna mahali waliniandikia mtunza nakala, nilipomtafuta nikaonyeshwa kaburi."

Siku tisa nilizunguka na lile swali. Ya kumi nikapita Mkuyuni, kwa fundi cherehani anayeitwa Rozina. Ni Mjaluo wa Shirati, mama wa makamo, mdomo mkali. Aliwahi kunishonea gauni. Nilikumbuka kitu kimoja: vitambaa vya wateja alikuwa anavifungia kwenye sanduku la bati lenye kufuli, kila kimoja na jina lake.

"Dada Rozina, naomba unitunzie mkebe huu."

Akausogeza mbali kwa kidole. "Una nini? Mimi sitaki mambo ya polisi hapa."

"Una disketi. Ndani yake kuna kitabu."

"Kitabu kizima kwenye hivi vibao? Acha kunichezea."

"Kizima. Nitakuletea kila Ijumaa, disketi mpya, nachukua ya zamani. Visipate jua wala maji. Na hiyo sumaku yako ya kuokotea pini isivikaribie, itafuta maneno yote."

Akaitazama sumaku yake kwa mashaka. "Na nani anaruhusiwa kuchukua?"

"Mimi. Au mtu mwenye barua yangu. Sahihi yangu hii hapa kwenye daftari lako. Akija mtu bila barua, hata aape, usimpe."

"Mwanza nzima umeniona mimi tu?"

"Nguo za watu hazipotei kwako," nikasema. Kisha nikamwambia na ukweli wenyewe. "Na sina mwingine."

Akaacha kukanyaga cherehani. Akauvuta mkebe kwake. "Ijumaa saa kumi na moja," akasema. "Usichelewe. Sipendi kungoja watu."

Basi tukabadilika. Neno la siri likawa jipya. Kanuni tukaziandika, karatasi moja tu. Tukapata programu ya kukagua virusi, na disketi ya mgeni haikuingia kabla ya kukaguliwa. Bwana Venant aliporudi alikwenda hadi Mkuyuni kumwona Rozina kwa macho yake. Rozina akamfukuza kwa kuwa hakuwa na barua. Alirudi anacheka, akatupitisha.

Ijumaa zikapita kumi na moja. Mwanzoni nilikuwa naacha disketi na kuondoka. Baadaye nikawa nakalishwa. "Shika mkasi huo, usikae bure." Nikaondoa nyuzi kwenye sare za shule, tukagombana kuhusu samaki yupi mtamu, sato au ningu.

Ijumaa ya kumi na mbili sikwenda. Malaria ilinikamata tangu Alhamisi. Nilijaribu kufika mlangoni nikaanguka. Niliita, lakini sauti haikutoka. Kilichofuata sikukiona, nilisimuliwa.

Ijumaa hiyo Mzee Okech alirudi safari, akakuta ofisi imefungwa. Akafungua, akawasha kompyuta mwenyewe. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa moshi. Na kitabu, tulichokuwa tumekimaliza Ijumaa iliyotangulia, kilitakiwa kuondoka Jumatatu kwenda kwenye mradi. Jumamosi asubuhi akakimbilia kwa Rozina.

"Nipe mkebe. Mimi ndiye mwenye kampuni."

"Shikamoo, mzee. Barua iko wapi?"

Hakuwa nayo. Akambembeleza kwa Kijaluo. Akakataliwa kwa Kijaluo vilevile.

"Dorotea mwenyewe yuko wapi?" Rozina akauliza. "Jana nilimngoja mpaka giza likaingia."

"Mimi nilidhani kaenda msibani. Kazini hajaja."

Rozina akaondoka bila hata kufunika cherehani. Aliuliza nyumba kwa nyumba Igogo hadi akaukuta mlango wangu. Jirani wa kushoto akaleta nondo, wakauvunja. Anaitwa Ngosha. Sasa namjua.

Nilifumbua macho hospitali, dripu mkononi. Rozina alikuwa kwenye benchi, amenuna.

"Jana ilikuwa Ijumaa," akasema.

"Niliugua."

"Naona. Daktari anasema tungechelewa siku moja tu, tungekuwa tunaongea mengine." Akatoa karatasi na kalamu. "Mzee wako anataka mkebe. Tia sahihi."

Nikatia, dripu inanivuta mkono. Akafungua daftari lake, akalinganisha.

"Hazifanani," akasema.

"Rozina! Si mimi huyu hapa mbele yako?"

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Nami nikacheka, ingawa kichwa kilikuwa kinapasuka.

Jumatatu kitabu kiliondoka, kizima, bila kupungua neno. Mwalimu Ndalahwa hakulazimika kukisema mara ya tatu.

Siku hizi nafundisha vijana wa kampuni nyingine. Huwa wananiuliza, kwa nini nakala ikae kwa mtu mwingine? Nawatajia moto, mwizi, virusi na umeme. Hizo ni sababu za kweli, waziandike. Yangu mimi ni nyingine. Ijumaa ile, katika mji mzima wa Mwanza, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa ananingoja.