Nywele ya Wamboi na Kamba ya Kuni

Sisi tunakaa Kamenu, hapa Thika. Kila siku mama na dada yangu Wamboi wanaenda kuleta kuni. Wanabeba mgongoni na mukwa, ile kamba ya ngozi inapita juu ya kichwa, mbele. Mzigo ya Wamboi ni kubwa, na yeye hasemi amechoka.

Mwezi wa nne Wamboi alitoa kitambaa ya kichwa akaniita. "Angalia hapa. Unaona nini?"

Niliona ngozi tu. Nywele ilikuwa imeisha kama njia, kutoka upande huu mpaka ule.

"Agosti naolewa," alisema. "Gichuru akiona hii, atafikiri amepewa mzee."

Mama alisema anajua dawa. Alisikia shubiri inarudisha nywele. Lakini shubiri haikuwa karibu, basi akakata jani ya mkonge. "Ni ndugu tu hizi. Zote ziko na miiba." Akakamua maji yake, akampaka Wamboi kichwani.

Asubuhi kichwa ilikuwa nyekundu, na malengelenge juu.

"Mwambieni Gichuru atafute mwingine," Wamboi alisema. Alikuwa anaangalia ukuta.

Nilikimbia kumwita jirani yetu Benta, anayefanya kazi dispensari huko Ruiru. Benta aliosha kichwa na maji safi mengi.

"Mama Wamboi, uliweka nini hapa?"

"Mkonge. Si inafanana na shubiri?"

"Hata mimi na wewe tunafanana kwa giza. Mkonge inachoma ngozi. Uliza wanaoikata vile mikono inawawasha."

"Basi nitafute shubiri ya ukweli?"

"Shubiri inaweza kutuliza ngozi. Kidonda ikipona, mafuta ya mbariki, yaani nyonyo, pia ni mzuri, inalainisha. Lakini hakuna jani itasaidia kama kuna kitu inang'oa nywele kila siku. Wamboi, hii kichwa inabeba nini?"

Mimi nilitoa mukwa kwa msumari ya ukutani, nikampatia Benta. Aliishika juu ya ile njia, bila kugusa kidonda. Upana ilikuwa moja.

Mama alikataa. "Mama yangu alibeba na mukwa. Nyanya yangu, cucu, pia. Hawakuwa na kipara."

"Nywele ya cucu wewe uliiona?"

Cucu zetu walikuwa wananyoa kichwa yote na wembe. Nani angejua?

"Sasa toa kitambaa yako," Benta alisema.

Mama alitoa polepole. Njia ilikuwa hapo, pana kuliko ya Wamboi.

"Nywele ikivutwa kila siku, mizizi inachoka," Benta alisema. "Ukiacha mapema, mara nyingi inarudi. Ukikaa miaka mingi, inakufa kabisa. Hata kusuka ya kukaza sana inafanya hivyo. Lakini ukiona kipara ya mviringo iko na magamba, hiyo ni ugonjwa. Njoo dispensari."

"Na yangu?" mama aliuliza.

"Yako sijui. Chunga ile imebaki."

Jioni mama alimwambia baba kuni itabebwa na baiskeli yake.

"Mwanamume na kuni? Watu watanicheka mpaka huko Witeithie."

"Kuni itabebwa na baiskeli, Waweru. Wewe utasukuma tu."

Watu walicheka wiki mbili. Halafu jirani mmoja, Gachanja, akaja kuuliza baba anafunga mzigo namna gani isianguke.

Kidonda ilipona. Wamboi alipaka mbariki kidogo kila Jumamosi, na hakusuka ya kukaza. Mwezi wa sita niliona nywele ndogo ndogo kwa ile njia. Agosti ilikuwa imejaa, fupi lakini nyeusi. Ya mama ilirudi kidogo, pembeni tu. Alisema inamtosha.

Siku ya harusi Wamboi alitoa kitambaa mwenyewe, mbele ya kila mtu. Kutoka kanisani, Gichuru alikuwa na baiskeli mpya. Wamboi alipiga keria, ile chuma ya nyuma ya kubebea mzigo, na mkono.

"Hii inabeba kuni?"

"Inabeba kuni, na wewe juu."

"Kuni tu," Wamboi alisema. "Mimi najua kutembea."