Kisanduku cha Jina

Judica mkunga, mke wa Marcelino, tulipakana naye ua kule Mfaranyaki, na haya yalimkuta yeye mwenyewe. Wanaomjua watakuambia hakuwa mtu wa kuona mapepo. Alikuwa Mpare mkavu, mcheshi kwa majirani, mkali kwa wavivu, na dawa yake ya kwanza kwa kila jambo ilikuwa maji ya moto na sabuni.

Kompyuta ililetwa wodi ya wazazi asubuhi moja ya masika, miaka ile ambayo kila kibanda mjini kilikuwa kimeanza kuuza mitumba na vitu vya nje. Wafadhili waliitoa, na kijana mmoja, Dennis, akaja nayo kutoka Dar es Salaam. Akaiweka mezani karibu na mizani ya watoto. Manesi wakaitandikia kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, wakawa wanaigusa kwa kidole kimoja huku wakicheka.

"Makaratasi basi," Dennis aliwaambia. "Mama na mtoto wote wanaingia humu. Ila ukiacha kisanduku kimoja wazi, sista, haihifadhi. Inakurudisha mwanzo."

Shida ilianzia hapo. Kisanduku kimoja kilitaka jina la mtoto, na wengi wetu huku, awe wa Mpitimbi au wa Tunduru, hatumpi mtoto jina kabla kitovu hakijaanguka. Kabla ya hapo ni mgeni tu. Huenda akakaa, huenda akarudi alikotoka. Dennis alikuwa hajazaa, na aliyetengeneza ile programu pengine naye hajazaa.

Siku hiyo Judica alikuwa ametoka kuzalisha, umeme unapepesa, na mashine imeshamrudisha mwanzo mpaka amechoka. Akaandika jina la kwanza lililomjia vidoleni. Osmund.

Jina hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Alipokuwa bibi harusi mgeni alizaa mtoto wa kiume, akaishi siku tatu. Mama mkwe wake, Bibi Fausta, na wanawake wenzake walimzika nyuma ya nyumba, kimya kimya, bila jina. "Usije ukamwita," Bibi Fausta alimwonya. "Ukimwita, hatakwenda." Judica akaitikia. Lakini jina alikuwa ameshamchagulia, akabaki nalo moyoni. Hakupata mtoto mwingine.

Mashine ikalikubali. Judica akalitazama pale kwenye kioo, limeandikwa wazi, na akasikia raha hadi machozi yakamlengalenga. Mtoto aliyefuata naye akamwandika Osmund. Na mwingine. Wa kike, wa kiume, wote. Watabadilisha wenyewe wakija kliniki, alijiambia.

Wiki haikuisha, watoto wakakataa kunyonya.

Hawakuwa na homa. Daktari aliwapima, hakuona kitu. Walilia tu, na walilia kwa pamoja, wakivuta pumzi pamoja, wakianza tena pamoja. Aliyezidiwa alikuwa mjukuu wa Bibi Mwamvua, mwanamke wa Tunduru aliyekuja kumwuguza binti yake. Mashavu ya kile kichanga yalikuwa yameingia ndani na utosi umebonyea. Judica alijua maana yake.

"Shikamoo, bibi," alisema, akiinama kitandani.

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamshika mkono, akashusha sauti. "Huyu analilia jina. Nimelea wengi mie. Kuna mtu kampa jina si lake. Nani huyo, nesi, na sisi wenyewe bado hatujampa?"

Judica alitaka kucheka, midomo ikakataa. Akasogea karibu na sikio la mtoto na kunong'ona.

"Osmund."

Kilio kikakatika. Wodi nzima.

Akainua macho. Vitanda vinane. Vichanga vinane. Kila kichwa kimegeuka. Kichanga cha siku chache hakiwezi kugeuza shingo namna ile. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Audhubillahi," Bibi Mwamvua alinong'ona. "Mtoe, mwanangu. Mtoe kabla hajaondoka na wa kwetu."

Judica akamkimbilia Dennis. Dennis akasema jina halifutiki, linaandikwa jingine juu yake. Basi akapita kitanda kwa kitanda akiwasihi watu wawape watoto wao majina palepale. Wapo waliomnung'unikia, wapo waliotuma mtu kuwaita wazee. Bibi Mwamvua hakusubiri mtu. "Muhsini," alisema. Judica akawa anaandika, na kila alipoandika, nyuma yake mtoto alinyamaza na kutafuta ziwa.

Wote, isipokuwa Muhsini.

Akarudi kwenye kioo. Akahesabu majina. Wodini walikuwa wanane. Kwenye mashine, tisa.

Akamfungua wa tisa. Mama: Judica. Baba: Marcelino. Uzito ulikuwa uleule ambao yeye peke yake aliukumbuka. Tarehe ya kuzaliwa, miaka kumi na mmoja nyuma. Jina: Osmund. Hali: yupo wodini.

"Dennis. Nani kaandika hii?"

"Si wewe, sista? Jina lako hilo."

Akajaribu kuandika jingine juu yake. Mashine ikamrudisha mwanzo. Akajaribu tena. Mwanzo. Nyuma yake Muhsini hakulia tena, nguvu zilikuwa zimemwisha, na Bibi Mwamvua alikuwa anasoma dua kwa sauti inayotetemeka.

Njia ilibaki moja, ile ya kumruhusu mtoto kwenda nyumbani. Judica akaibonyeza. Mashine ikauliza: anaondoka na nani?

Aliogopa. Mimi sitamsemea uongo, aliogopa kweli. Lakini mtoto wa watu alikuwa anakufa. Akaandika: mama yake.

Umeme ukakatika. Katika ule ukimya akasikia Muhsini akinyonya kwa pupa, na bibi yake akilia kwa furaha. Judica akaangalia kifuani. Gauni lake jeupe lilikuwa limelowa maziwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Sisi tuliomwona akipita tulidhani kabeba mtoto, kwa jinsi alivyokunja mkono wa kushoto na kuinamisha kichwa kuzuia mvua. Tulipomsalimia aliweka kidole mdomoni, tunyamaze.

Wiki iliyofuata Bibi Fausta alikuja kutoka Mpitimbi. Hakuna aliyemwita. Aliingia chumbani moja kwa moja, akawakuta Marcelino na mkewe wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Katikati ya shuka, palipobonyea kidogo, kulikuwa na kitu kidogo cheusi, kikavu, kimefungwa uzi mweupe kama walivyofunga wakunga wa zamani.

"Nini hiki?" Marcelino alinong'ona.

Mkewe alikijua. Alikuwa ameona vitovu vingi vya namna hiyo kazini.

Bibi Fausta akakiokota, akakiweka kiganjani. Akapatazama pale palipobonyea, kisha akamtazama Judica.

"Kimeanguka," alisema. "Haya. Mnamwita nani?"