Zulia Lilipogeuzwa

Nyumba hii ilikuwa na sebule ndogo na zulia kubwa. Zulia lilikuwa jekundu, na pembeni lilikuwa na maua ya manjano. Kila aliyeingia alivua viatu mlangoni, akakaa alipopenda. Lakini kona iliyo karibu na redio haikukaliwa ovyo. Hiyo ilikuwa kona ya Babu.

Watu walimwita Babu Pindo. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na hakuna aliyepiga pindo la suruali likalala vizuri kama lake. Sasa macho yalikuwa yamechoka. Aliishi na mwanawe, fundi wa majokofu, na mke wa mwanawe, msusi wa nywele. Wanandoa hao walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo alianza kusema alipofumbua macho asubuhi, akanyamaza alipolala. Ndiyo maana wakamwita Chiriku, na mama yake akawa Mama Chiriku.

Kila jioni Babu alikaa kwenye kona yake, mgongo kwenye mto, miguu ameinyoosha. Chiriku alijilaza pembeni yake. Babu alishona vifungo vilivyokatika, na Chiriku alimtungia uzi kwenye sindano. Mama Chiriku aliporudi kazini akawakuta hivyo, uchovu wake wote ulipungua.

Jioni moja Chiriku alimwaga kikombe cha maziwa juu ya zulia.

"Si mimi," alisema Chiriku. "Ni kikombe."

Mama Chiriku hakutaka mchezo na uchafu. Alileta ndoo ya maji, akamimina sabuni ya unga bila kupima. Alilowesha zulia zima pale pale sakafuni, akasugua mpaka povu likafika mlangoni. Kisha akafuta juu kwa kitambaa. Kesho yake alipitisha mkono juu ya zulia. Lilikuwa kavu, na rangi imeng'aa. Alijiona shujaa kabisa.

Siku chache baadaye, harufu ilianza. Ilikuwa harufu ya uvundo, kama nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Mama Chiriku akalifua zulia tena, na sabuni akaiongeza. Harufu ikatulia kidogo, kisha ikarudi na nguvu zaidi. Akafua tena. Akapuliza manukato. Sasa sebule ikanuka uvundo na manukato kwa pamoja.

"Zulia limefuliwa," alimwambia mumewe jikoni, kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo harufu haitoki kwenye zulia."

"Inatoka wapi basi?"

Mama Chiriku alikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Inazidi pale kwenye kona."

Mumewe alimtazama, akaelewa. Babu alikuwa amekula chumvi nyingi. Wazee wengine hupitiwa na haja ndogo bila kujua.

"Mwambie," alisema Mama Chiriku. "Ni baba yako."

"Nitaanzaje? Huyo ndiye aliyenifundisha kuvaa suruali."

"Na mimi mkwe wake nitaanzaje?"

 Waliona aibu, na walimpenda mzee. Basi walijikaza kisabuni, wakala chakula madirisha yakiwa wazi.

Aliyeanza alikuwa Chiriku. Jioni moja alijilaza kwenye kona kama kawaida, akainua kichwa, akakunja pua.

"Babu, hapa unapokaa pananuka."

Babu alicheka. Lakini kicheko kilikatika katikati, na hakumalizia kifungo alichokuwa anashona.

Tangu siku hiyo Babu alihamia kibarazani. Alisema ndani kuna joto. Alikaa kwenye kigoda kigumu, mgongo bila mto, na Chiriku alipomfuata alimwambia akacheze na wenzake. Alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni. Alifua mashati yake mwenyewe. Siku moja Mama Chiriku alichungulia dirishani akamwona Babu anageuza kichwa huku na huku. Mzee alipoona hakuna mtu, aliinua mkono wa shati lake, akaunusa. Mama Chiriku aliondoka dirishani haraka. Moyo ulimuuma sana siku hiyo.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Babu alimwambia Mama Chiriku, "Mwanangu, nimekaa sana kwenu. Leo nitakwenda kwa dada yake mume wako. Nitakaa huko."

"Mpaka lini, baba?"

"Nitakaa huko," alirudia Babu, akaenda kufunga virago.

Mama Chiriku alisimama sebuleni, mikono haijui ifanye nini. Alitaka kumwambia abaki. Lakini mzee angeuliza, "Nibaki, na ile harufu je?" Angejibu nini?

"Hodi hapa," sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao, Bi Shuka. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa msimamizi wa usafi katika nyumba ya wageni, na shuka yenye mkunjo ilimnyima usingizi. Alikuwa anarudisha chujio aliloazima.

"Karibu ndani, dada," alisema Mama Chiriku, ingawa hakuwa na hamu ya mgeni.

Bi Shuka alivua viatu. Alipiga hatua moja juu ya zulia, akasimama. Akainua mguu, akautazama unyayo wake.

"Mbona zulia lenu ni la baridi hivi?"

"Baridi?"

"Baridi, tena zito. Limelowa."

"Halijalowa, dada. Nililifua siku nyingi. Pitisha mkono uone, kavu kabisa."

"Juu, ndiyo." Bi Shuka alipiga magoti, akaingiza kiganja chini ya zulia, pale kwenye kona. Alipokitoa, kilikuwa na majimaji. "Hebu shika huku, tuligeuze."

Walilikunja zulia. Uvundo ukawapiga usoni. Chini yake kulikuwa na nailoni, ile ambayo zulia lilikuja nayo kutoka dukani. Mama Chiriku hakuwahi kuiondoa. Juu ya nailoni kulikuwa na maji. Na upande wa chini wa zulia ulikuwa umejaa ukungu, madoadoa meusi na meupe, mengi zaidi kwenye kona ya redio.

"Sakafu imeinama kidogo huku," alisema Bi Shuka. "Maji yote yamekimbilia hapa. Nailoni imeyazuia yasikauke. Dada yangu, harufu yenu ni hii."

Mama Chiriku aliketi sakafuni. Alicheka, na machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo siyo," alisema. "Kwa hiyo siyo."

"Siyo nini?"

 Mama Chiriku aliita, "Baba, njoo. Njoo mara moja, tafadhali."

Babu Pindo alitokea na mfuko wake mkononi. Aliona zulia limegeuzwa. Aliinama taratibu, akanusa. Akanusa tena, kuhakikisha. Kisha akanyoosha kidole kwenye zulia kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Kumbe ni huyu," alisema.

"Ni huyo, baba."

"Nami nimejisugua mpaka ngozi inataka kuisha."

Mama Chiriku alipiga moyo konde. "Nisamehe, baba. Sikusema kitu, lakini niliwaza."

Babu aliweka mfuko chini. "Hata mimi niliwaza, mwanangu. Usiku nilikuwa napapasa godoro langu. Tulikuwa wawili." Kisha akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

Bi Shuka alikuwa ameelewa, lakini aliona heri azungumze mambo ya zulia. "Haya," alisema. "Leo ni siku yangu ya mapumziko, na jua ni kali. Tufanye kazi. Kwanza fungeni vitambaa puani. Ukungu ukiuvuta ndani unasumbua kifua."

Walifungua madirisha yote. Walilibeba zulia hadi nje, wakalitandaza juu ya ukuta mfupi wa uani, upande wa ukungu ukielekea juani. Mama Chiriku alitaka kuanza kusugua.

"Subiri," alisema Bi Shuka. "Ukikausha kwanza, ukungu unapukutika wenyewe. Na usiusugue ndani ya nyumba, utausambaza kila mahali. Tuanze na sakafu."

Waliitupa nailoni. Walipiga deki kwa maji na sabuni, wakafuta, wakaiacha sakafu ikauke wazi. Jua lilipopanda, Bi Shuka alichukua ufagio mgumu, akapukutisha ukungu. Kisha wakalipiga zulia kwa fimbo upande wa nyuma. Vumbi lilitoka, mchanga ukatoka, na kifungo kimoja cha shati kikaanguka.

"Hicho nilikitafuta sana," alisema Babu.

Bi Shuka alichanganya siki kidogo na maji mengi. Alijaribu kwanza kwenye ncha moja ya zulia, akakandamiza kitambaa cheupe aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Ndipo akafuta sehemu zote zilizokuwa na ukungu.

"Siki inaondoa uvundo," alisema. "Lakini ukungu ungekuwa umekula nyuzi zikaanza kukatika, ningekwambia ulitupe tu. Hili lina bahati. Sasa lete maji safi."

Waliposuuza, povu likatoka. Wakamwaga maji mengine, povu likatoka tena. Mama Chiriku alishangaa. Leo hakuwa ametia hata punje ya sabuni.

"Hii sabuni ni ya lini?"

"Ni yako, ya mara zote ulizofua," alisema Bi Shuka. "Ulitia nyingi, hukusuuza. Sabuni inayobaki ndani inanata, na vumbi likipita linagandia hapo. Kwa hiyo uliona linachafuka haraka, ukatia nyingine."

"Nilidhani nalitakasa."

"Ulilikaanga kwa sabuni, dada."

Walicheka wote. Babu ndiye aliyecheka zaidi, na safari hii kicheko chake kilifika mwisho.

Waliendelea kusuuza mpaka maji yakatoka meupe. Wakalikamua kwa kulikandamiza, wakalitundika ukutani lipate hewa pande zote. Babu akaleta kigoda chake, akawa mlinzi. Alipitisha kiganja juu ya zulia, akapitisha chini. Alasiri Mama Chiriku alifika akashika juu.

"Limekauka, baba. Tuliingize."

"Bado," alisema Babu.

"Mbona kavu?"

"Juu kavu. Mimi nimeshona nguo miaka yote. Suruali inaweza kukauka yote, ukishika pindo, limelowa. Kitambaa kinene kinaficha maji chini. Zulia lote hili ni pindo tupu." Alitikisa kichwa. "Na mimi ndiye Babu Pindo. Ningelijua hili tangu mwanzo kama ningeshika zulia badala ya kushika godoro."

Basi zulia halikuingia siku hiyo. Waliliweka barazani likiwa limening'inia, na kesho yake likarudi juani. Jioni ya siku ya kwanza, mumewe Mama Chiriku aliporudi kutoka kazini, alikuta ukuta bado umevaa zulia. Mkewe alimweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Alikwenda kukaa kibarazani na baba yake, akakaa naye mpaka chakula kilipoitwa. Walizungumza juu ya majokofu tu, lakini walizungumza muda mrefu.

Kiganja cha Babu kiliporidhika, zulia likarudi sebuleni. Sasa lilitandikwa juu ya sakafu kavu, bila nailoni. Mbele ya mlango waliweka kizulia kidogo cha kufutia miguu. Mama Chiriku alianza kulifagia mara kwa mara, akilikunja pia kufagia chini yake. Siku za jua alilitoa, akalikung'uta, akalipunga hewa. Kulifua kwa maji, alimwachia Bi Shuka aamue lini.

Wiki ile ile, Chiriku alimwaga chai.

 Mama Chiriku aliinuka, akatazama upande wa ndoo. Kisha akachukua kitambaa kikavu, akakiweka juu ya chai, akakikandamiza.

"Sugua, mama," alisema Chiriku.

"Nikisugua naisukuma ndani. Nakandamiza ili kitambaa kinywe." Alibadilisha kitambaa, akatoka ukingoni mwa doa kwenda katikati. Kisha akatumia maji kidogo ya baridi, akakandamiza tena kwa kitambaa kikavu. Doa likaondoka. Alikunja upande ule, akauegemeza kwenye kigoda ili hewa ipite chini.

Babu alikuwa kwenye kona yake, mgongo kwenye mto. Mfuko wake ulikuwa bado chumbani, mashati yakiwa ndani. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mfuko huo.

Chiriku alijilaza, akabandika pua kwenye zulia. Mama yake aliacha kila alichokuwa anafanya.

"Hapa hapanuki tena," alisema Chiriku. Kisha akalivuta shati la Babu, akalinusa kwa makini kama daktari. Babu alitulia, hakupumua.

"Babu, unanukia."

"Nanukia nini?"

"Sabuni. Nyingi."

"Basi hata mimi sikusuuzwa vizuri," alisema Babu Pindo. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamgeukia Mama Chiriku. "Mwanangu, naomba uniletee ule mfuko. Nataka kurudisha mashati yangu kabatini, yasije yakaota ukungu."