Nenda kwa Mutugi

Ndwiga alitoka kufungia kuku saa kumi na mbili kasorobo, robo saa kabla ya kafyu. Mwaka huo wa Dharura serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wa Runyenjes kutoka mashambani mwao, ikawapanga kijijini kama masanduku ya chai, kisha ikabandika tangazo lenye mihuri miwili. Ikifika kumi na mbili, kuonekana nje ni kosa. Kuwasha moto nje ni kosa pia.

Bundi hawakutajwa.

Huyu alikuwa ametua juu ya paa, palepale juu ya kitanda cha mtoto.

Huuu... huuu...

Njagi alikuwa na siku ya tatu ya homa. Na kila Muembu anajua dawa ya bundi: unachomoa kijinga cha moto jikoni, unamrushia, unamwambia akalilie kwingine. Lakini kuku walikuwa wamemchelewesha, na kengele ya kafyu ilikuwa imeshalia. Ndwiga akaingia, akafunga mlango.

"Baba Njagi," mkewe alinong'ona, "usipomfukuza ataondoka na mtoto."

Ndwiga akaweka mdomo kwenye ufa wa ukuta. Kilichomtoka hakukipanga.

"Nenda kwa Mutugi."

Mutugi, jirani wa nyumba ya tatu. Ndiye aliyemletea Njagi maziwa ya mbuzi asubuhi ile.

Nje, kitu kikavuta pumzi. Mbwa wao, aliyelala ndani mlangoni, akatikisa mkia.

Bundi hakulia tena.

Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka, Njagi akaomba uji. Mutugi hakuwepo. Homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, walikuwa wamemchukua. Mke wa Mutugi alipouliza kosa la mumewe, karani wa chifu alifungua jalada kwa adabu zote akamsomea: ametajwa na raia mwema.

Ndwiga akaelewa, au alijilazimisha kuelewa. Nyuma ya ukuta alisimama homugadi wa doria, mtu ambaye mbwa alimzoea, akalisikia lile jina. Basi, mambo ya binadamu tu. Akapata nafuu, kisha akaionea haya nafuu yenyewe. Mke wa Mutugi akapita, macho mekundu, akamwuliza mtoto ameamkaje. Ndwiga alimjibu akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

Jioni homa ikarudi.

Siku hiyo homugadi wote walikuwa wamepelekwa Embu mjini kusimama mstari mbele ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Nje hapakuwa na mtu. Hata hivyo mbwa aliingia chini ya kitanda, akajikojolea.

Kucha zikakwaruza nyasi za paa. Zikateremka ukutani, polepole... Harufu ya manyoya mabichi ikapenya kwenye ufa. Kisha sauti ndogo, ya mtumishi anayengoja amri:

"Na leo... niende kwa nani?"

Mkewe alimtazama. Mtoto akakohoa.

Ndwiga aliuma midomo. Lakini kichwani mwake majirani walikuwa wamekwisha kupanga foleni, mmoja mmoja, na yeye alikuwa akichagua.